Ukuta wa Nyuma ya Mlango

Hiza mwanangu,

Mambo ya nauli, sweta na namna ya kuishi na watu chuoni, shangazi yako ameyasema tangu juzi hadi nikakuonea huruma. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho basi la Mombo litakuchukua kabla jua halijapanda mlima, na kwa jinsi tunavyoishi humu ndani siku hizi, najua tutaagana kwa kupeana mkono kama watu waliokutana mnadani. Ningeweza kukuita jikoni niseme kwa mdomo. Lakini mimi nikianza kusema napaza sauti, na wewe nikipaza sauti unanyamaza kama mama yako, na hapo mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo naandika. Nitaiweka barua ndani ya lile shati lako jeupe, uisome utakapoona mwenyewe panafaa.

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyo karibu. Nimekukasirikia, Hiza. Tangu siku ya mkutano wa kijiji nimekuwa nikibamiza milango na kulalamikia chumvi ya makande, na shangazi yako anadhani nina tumbo. Sina tumbo. Ni wewe.

Nilisimama pale mbele ya watu nikasema nyumba ya Mdachi isiguswe kwa saruji tena. Nikasema kama tunataka iwe madarasa, kwanza tubandue saruji yote iliyomo, kuta zikauke kiangazi kizima, ndipo tupige lipu ya chokaa, tabaka moja baada ya jingine, polepole. Watu wakaanza kucheka. Hilo sikujali, nimeshazoea kuchekwa kuhusu nyumba ile. Halafu nikakuona wewe unanyoosha mkono kule kwa vijana, na moyo wangu ukafurahi, nikajua mwanangu ananisaidia.

Ukasema, "Ndugu mwenyekiti, baba yangu ni fundi na ninamheshimu. Lakini huu si wakati wa Mdachi. Watoto wanasomea kwenye banda la mahindi, saruji ipo, watu wapo. Kazi imalizwe."

Wakakupigia makofi. Mwenyekiti akasema kijana huyu anakwenda chuo cha ufundi na tayari ameshakuwa fundi. Mimi nikakaa. Jirani yangu akanipa tumbaku bila kunitazama, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kumpa mtu tumbaku yake.

Nataka ujue kwa nini nilikaa. Wewe ulidhani nimeona aibu. Nilikaa kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, mahali palepale, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, na aliyeambiwa alikuwa mjomba wangu Singano, yule uliyemwita babu.

Wewe babu Singano ulimjua akiwa mzee wa kukohoa karibu na moto. Mimi nilimjua akiwa na mikono. Mdachi, yule Mjerumani, alipoijenga nyumba ile kubwa juu ya barabara ya Shume, mjomba alikuwa kijana wa kukoroga chokaa. Mdachi akaondoka, akaja Mgiriki, na mjomba akabaki na nyumba. Kila kiangazi alizunguka kuta zake na ndoo ya chokaa akiziba nyufa. Mimi nilipelekwa kwake nikiwa sijaota ndevu, nijifunze kazi.

Usidhani nitakuambia alikuwa mzee mwema. Alikuwa mtu mbaya kuishi naye. Alikuwa mchoyo, alikuwa na mdomo mchafu, na alipenda kuwasifia Wadachi hata viboko vyao, jambo lililonichefua. Ukikosea alikumwagia chokaa miguuni. Lakini alinifundisha kuusikiliza ukuta. Asubuhi, kabla hatujashika mwiko, tulipita vyumbani na kuweka nyuma ya kiganja ukutani, hapa kwenye ngozi laini, maana ndani ya kiganja cha fundi ni gome tupu. Mlima ule unatoa maji, unaujua. Nyumba imejikita ubavuni mwake, na upande wa nyuma udongo umeegemea mawe. Maji hayawezi kuzuiwa yasiingie ukutani. Mdachi alijua hilo, kwa hiyo aliyaachia njia ya kutoka. Yaliingia kwenye mawe na kutokea kwenye chokaa, yakakaushwa na upepo. Chini ya sakafu ya mbao aliacha matundu pande zote, hewa ipite. Nyumba ilikuwa inapumua, na ilikuwa na baridi kweli. Mgiriki alikuwa anavaa koti la mvua akila chakula.

Basi ukaja Uhuru. Mgiriki akauza ng'ombe wake akaenda zake, nyumba ikabaki na popo, na baadaye, ilipokuja siasa ya Ujamaa, tukaambiwa ni mali ya kijiji. Hujui furaha ile. Ninyi mmezaliwa mmeikuta ni nyumba yenu. Sisi tulikuwa tunapita chini yake tumevua kofia, na sasa wazee walikuwa wanakojoa kwenye maua ya Mdachi kwa raha zao. Tukakubaliana iwe zahanati, yenye chumba cha wazazi, kile cha nyuma upande wa mlima. Wanawake wetu walikuwa wanabebwa kwa machela hadi Lushoto, njia ile unayoijua, na wengine hawakurudi. Mama yako ndiye aliyesema zaidi siku hiyo. Alisema hahitaji ahadi, anahitaji kitanda na mkunga.

Wilaya ikatuletea saruji kwenye lori. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kuona saruji nyingi hivyo kwa pamoja. Watoto walikuwa wanaigusa mifuko kama wanagusa mnyama. Kwetu sisi saruji ilikuwa ndiyo serikali yenyewe imefika. Mimi nilifanywa msimamizi, na hapo ndipo mjomba aliposimama mkutanoni na fimbo yake.

Alisema kuta zile zikifunikwa saruji zitaoza kwa ndani. Alisema tumpe kiangazi kizima, achimbe shimo, ailaze chokaa na maji hadi iive. Angesema hivyo tu, labda tungemsikiliza. Lakini hakuweza kuishia hapo, akaongeza kwamba Waafrika hatuna subira na kwamba Mdachi angekuwepo angetuchapa wote. Watu wakazomea. Nami nikasimama, nikamwambia mbele ya kijiji kizima, "Mjomba, huu si wakati wa Mdachi. Saruji ipo, watu wapo. Kazi imalizwe."

Walinipigia makofi hata mimi.

Nitakuambia kitu ambacho hukuniuliza. Nilijua kwamba kuhusu ukuta mjomba alikuwa anasema kweli. Kiganja changu kilijua. Ila alikuwa amesema kweli kwa mdomo mbaya, na mimi nilikuwa nimengoja miaka ya chokaa miguuni nipate siku ya kumnyamazisha. Nilitaka kumpinga yeye, nikaupinga na ukweli wa ukuta.

Sasa msaragambo. Wewe umekulia humo, pembe ikilia asubuhi kila nyumba inatoa mtu, asiyetokea anatoa kuku. Wanawake wanainjika vyungu, watu wanaimba, kazi inapigwa mpaka inakwisha, na hakuna anayerudi nyumbani kazi ikiwa nusu. Ni jambo zuri. Barabara yetu, shule yetu ya kwanza, tanki la maji, vyote ni msaragambo. Lakini chokaa haitaki msaragambo. Chokaa inataka mtu mmoja au wawili, kidogo leo, kidogo keshokutwa, na siku nyingi za kukaa bure. Ungewaitaje watu wote wale kisha uwaambie warudi nyumbani, ukuta haujakauka? Na makande yameshaiva?

Tulibandua chokaa ya mjomba kwa majembe. Tukapiga saruji ndani na nje, kijiji kizima, hata mwinjilisti alikunja suruali. Jioni mkunga aliyeletwa na wilaya akapita kuangalia chumba chake, akasema sakafu inavuma baridi na watoto wachanga watapata nimonia. Mama yako alikuwa amesimama naye, akanitazama. Mimi nikashuka na mawe na saruji iliyobaki, nikayaziba yale matundu ya chini ya sakafu, yote, kwa mikono yangu. Ukikaa huku milimani unajua kuziba upepo ndiyo kumpenda mtu. Mama anaziba ufa wa mlango kwa gunia kabla hajalala. Nilijiona mume mwema.

Ilipendeza, usidanganywe na waliokuja kuicheka baadaye. Kuta zilikuwa laini, za kijivu, kona zimenyooka. Bwana mkubwa wa wilaya aliifungua, tukala. Mwaka wa kwanza wanawake walizaa mle. Mtoto wa mwenyekiti alizaliwa mle, yule anayejifanya hakujui sokoni.

Masika ya pili ukuta wa nyuma ya mlango, katika kile chumba cha wazazi, ukaanza kutoa jasho. Kwanza doa. Baadaye rangi ikatoka kama magamba, halafu saruji ikaanza kulia kama debe tupu ukiigonga. Chini ya sakafu kulikuwa na harufu ya uyoga. Nilijua. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Maji yalikuwa yamefungiwa ndani na mimi, na yalikuwa yanapanda ukutani kutafuta mahali pa kutokea, na juu yalikutana na ncha za boriti.

Haya, hapa ndipo ninapotaka usome bila kuruka.

Watu walianza kusema ni mjomba. Walisema amenung'unika, na manung'uniko ya mjomba, kwetu, unajua yanavyoogopwa. Mtu akimtukana mjomba wake mbele za watu, atafanikiwaje? Ikawa ndiyo habari ya kila nyumba, kwamba mzee ameikasirikia nyumba na nyumba inalia. Wazee wakanijia, tena kwa upole. Wakasema mwanetu, wewe ndiye uliyemkosea, wewe ndiye wa kumpelekea kondoo.

Ningeweza kusema palepale kwamba si mjomba, ni saruji, na ni mimi. Nipeni tindo na vijana wachache, tuibandue, tufungue matundu, zahanati itapona. Boriti zilikuwa bado hazijafa. Ilikuwa kazi ya kiangazi kimoja. Lakini ili niseme hivyo nilipaswa kusimama mkutanoni na kukiambia kijiji kwamba msaragambo wao wote, nyimbo zote zile, vyungu vyote vile, vilikuwa kazi ya kuharibu, na kwamba msimamizi alijua. Kondoo alikuwa rahisi kuliko maneno hayo. Nikamtafuta kondoo.

Tulikwenda kwa mjomba na kondoo, mimi nimeshika kamba. Mwinjilisti siku hiyo alikuwa amesafiri kwa makusudi. Tukamleta mjomba mpaka kwenye ukuta, akapewa maji kwenye kibuyu ayapulize, kama mjomba anavyoondoa kinyongo. Akatia maji kinywani, akanitazama mimi, mashavu yamejaa, kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Akayapuliza ukutani. Kisha akasema, "Mimi nimeshasamehe tangu zamani. Kondoo nitamla, nashukuru. Ila huu ukuta nimeuongezea maji tu."

Wazee wakacheka, wakaona ni ule mdomo wake. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba alikuwa amenipa nafasi ya mwisho mbele ya watu. Nikacheka nao.

Mwaka uliofuata boriti ya kona ikateleza kutoka ukutani mchana wa jua kali, na dari ikaangukia kitanda ambacho hakikuwa na mtu. Wilaya ikaja ikaangalia, ikafunga mlango. Mkunga akahamishiwa kwingine. Mjomba alikuwa ameshalala kaburini, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kupelekewa kondoo mwingine.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa kimo chako cha wakati ule. Unakumbuka umelala kwa shangazi, na watu wanakuambia mama amekwenda Lushoto. Alikuwa na mimba yake ya pili, uchungu ukamjia vibaya na mvua inanyesha. Tulipita na machela chini ya nyumba ile. Hakuna njia nyingine, lazima upite pale. Nilikuwa nimeshika mpini wa mbele, na mama yako alikuwa anaitazama nyumba mpaka tulipopinda kona. Mdogo wako wa kike alizaliwa kwenye kibanda cha mkaa karibu na msitu, na hakulia.

Mama yako alipona. Alirudi, akapika, akalima, akanitengea maji ya kuoga. Nilidhani tumevuka. Baada ya mavuno akafunga vitu vyake na kuniambia anakwenda kwa kaka zake Zirai, na kwamba wewe uendelee na shule hapa, atakuja kukuona. Nikamuuliza nimemfanyia nini. Hakuwa na hasira hata kidogo, Hiza, na hilo ndilo ninaloamka nalo.

Akasema, "Ningekusamehe saruji. Siwezi kukusamehe kondoo. Nakuachia ukuta wako."

Kwa hiyo umekua ukiwa na mama wa likizo na baba wa kununa. Watu wamekuambia aliondoka kwa uchungu wa mtoto, na wengine wamesema mambo mengine ambayo sitayaandika. Mimi nimewaacha waseme. Sasa unajua sababu kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Ukipita Muheza, ukipata nafasi, panda Zirai umsalimie. Usimpelekee salamu zangu, hazitaki, nami nimechoka kurudishiwa. Mwambie tu tunaendelea. Atakuuliza ile nyumba wameifanya nini. Mwambie ukweli.

Na ukweli ni kwamba juma lililopita pembe ililia, mkaenda, mkaimaliza. Nilisikia nyimbo kutoka hapa. Nilikaa nyumbani nikanoa majembe ambayo hayakuhitaji kunolewa. Walikuja kuchukua kuku wa asiyetokea, nikawapa yule jogoo mwekundu, na jioni nilipopita barabarani nikakuona umekaa na vijana wenzako mnamla. Ulikuwa umeshika paja lake. Nilitaka kukasirikia jogoo nikashindwa. Ulikuwa na saruji kwenye nyusi na unacheka, na ulifanana na mimi mpaka nikalazimika kugeuka nirudi.

Sitaki kukudanganya kwamba mimi nina haki yote na wewe huna. Watoto wanasomea kweli kwenye banda la mahindi, na mvua inawanyeshea madaftari. Chokaa nzuri sijui ningeitoa wapi siku hizi, na lori lenyewe halipatikani hata la kabichi, kabichi zinaozea Soni. Nyumba ya Mdachi siitaki kama Mdachi alivyoiacha. Naitaka iwe na watoto. Ningeitaka iwe na wazazi. Nyumba kuukuu ikikaa bila watu inakufa haraka kuliko ikikaliwa vibaya, hilo nalo nimeliona. Kijana yeyote mwenye akili angesema ulichosema. Kinachoniuma ni kwamba hukuniuliza kwanza. Tulilala nyumba moja usiku wa kuamkia mkutano. Lakini nami, kwani nilikuwa nimekuambia nini maisha yako yote kuhusu ukuta ule? Ukipita nami pale nilikuwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Huko chuoni watakufundisha saruji vizuri. Jifunze. Ni kitu kizuri, mimi mwenyewe tanki langu ni la saruji na halivuji. Watakufundisha kuchora na kupima, mambo ambayo nilitamani na sikuyapata. Sina ushauri juu ya hayo. Nina jambo moja tu la kazi, na hili huenda hawatakuwa na somo lake. Siku moja utakuwa msimamizi, na watu watakuwa wameshatoka, wengi, kwa moyo mweupe, chakula kiko motoni, mkubwa fulani anakuja kufungua, na wewe utaweka mkono ukutani na kujua kwamba kazi haitakiwi kumalizwa leo. Kuwarudisha watu wale nyumbani ni kazi nzito kuliko kubeba jiwe lolote. Mimi sikuiweza nikiwa kijana. Nilipojaribu nikiwa mzee nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa nimeshakuwa na mdomo wa mjomba. Labda wewe utaanza mapema, ukiwa bado na sauti nzuri.

Na ukikosea, maana utakosea, usitafute kondoo. Watu watakuletea. Watamfunga kamba kabisa na kukuwekea mkononi, na watafanya hivyo kwa kukupenda.

Taa inaanza kuvuta moshi na shangazi yako ameuliza mara mbili ninaandikia nani, kana kwamba nina ndugu wengi. Nikuambie ninachotaka, kisha nikaiweke kwenye shati.

Utarudi likizo masika yakishapita. Ukishuka kwenye basi usije nyumbani kwanza. Panda mpaka kwenye nyumba ile, muombe mwalimu ufunguo, ingia chumba cha nyuma upande wa mlima. Funga mlango uwe ndani. Weka mkono kwenye ukuta ulio nyuma ya mlango, chini kidogo, usawa wa kitanda. Nyuma ya kiganja, kama nilivyokuambia. Ngoja mpaka ngozi izoee.

Pakiwa pakavu, itisha mkutano. Sema mbele ya watu wote, kwa sauti ileile, kwamba baba yako alikosea. Nitasimama niseme ni kweli, na nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokaa pale, maana nitakuwa nimekosea mara moja tu na si maisha mazima.

Pakiwa pamelowa, usimwambie mtu yeyote. Njoo nyumbani. Nyuma ya mlango wetu kuna tindo mbili, moja ilikuwa ya mjomba na moja ni yangu. Chukua unayoitaka, mimi nitachukua itakayobaki, twende tukaanze kubandua, sisi wawili, kabla hawajakwenda kutafuta kondoo.

Baba yako.